Tulivyowapata Wanachama wa Upande wa Dhahabu

Siku niliyoanza kazi katika chama chetu cha watu wa utalii, wanachama wote walienea kwenye benchi moja la mbao, uani kwa Mzee Luhende, hapa Shinyanga mjini. Mmoja wao alikuwa amelala. Alikuwa dereva aliyetoka safari ya mbali, na Mzee Luhende alikataza asiamshwe. Akaniagiza niandike kwenye muhtasari kwamba mjumbe huyo amehudhuria na hakupinga jambo lolote.

Nimestaafu mwezi uliopita. Nyie vijana mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu, na mmoja wenu akasisitiza nisisahau kueleza "mikakati ya kukuza uanachama." Mkakati ni neno zuri. Sisi hatukuwa nalo. Tulikuwa na mabuti ya mvua, chupa ya chai na Mzee Luhende.

Mzee Luhende alikuwa amefanya kazi katika mahoteli ya kaskazini karibu maisha yake yote. Aliporudi nyumbani alikuja na imani moja ambayo watu walimcheka nayo, kwamba ipo siku wageni watapita huku kwetu kwa wingi, wakielekea hifadhi za magharibi, na kwamba tukijipanga hawatapita tu, watashuka garini.

"Washuke waone nini? Pamba?" watu walimuuliza.

"Pamba nayo," alijibu, bila kukasirika.

Mimi nilikuwa mpokezi katika nyumba ya kulala wageni karibu na stesheni ya reli. Alinichukua niwe katibu wa chama kwa sababu, alisema, nilikuwa nakumbuka majina ya wageni hata wakirudi baada ya mwaka. Sikujua kwamba hiyo ni sifa. Nilidhani watu wote wanakumbuka.

Safari yetu ya kwanza ya kutafuta mwanachama ilikuwa Samuye. Masika yale gari lililojaa wageni wazee wa ng'ambo lilikuwa limenasa kwenye tope, na mama mmoja mjane, Mama Kabula, akawachukua wote nyumbani kwake mpaka njia ilipopitika. Habari zilifika mjini kwamba wale wageni waliporudi kwao hawakuzungumzia simba wala twiga. Walizungumzia maziwa ya mgando ya Mama Kabula. Mzee Luhende akasema twende.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Fomu zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Tulimkuta mwenyewe anakamua ng'ombe.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Marahaba. Karibuni. Nanyi mmekwama?"

"Hapana, dada," Mzee Luhende alijibu. "Sisi tumekuja kwa miguu yetu."

"Basi kaeni. Waliokwama niliwapa uji. Waliokuja kwa miguu yao watakula ugali."

Tulikula ugali wa mtama kwa mlenda. Kila nilipopeleka mkono kwenye mfuko wa fomu, Mzee Luhende alinikanyaga kidole cha mguu chini ya meza. Walizungumza habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za marehemu mume wa Mama Kabula. Tukalala. Asubuhi, tukinywa chai, mama yule aliuliza mwenyewe: "Sasa, mbona hamjasema mlichonijia?"

Ndipo nikaruhusiwa kutoa fomu.

"Kazi yako, mama?" niliuliza, kalamu mkononi.

"Nalima, nafuga."

"Na wale wageni?"

"Wageni si kazi, mwanangu. Wageni wanakuja tu."

Nilibaki sijui niandike nini. Mzee Luhende alichukua kalamu akaandika: Mwenyeji. Tangu siku hiyo fomu yetu ina nafasi ya mwenyeji, pamoja na mwongoza wageni, dereva, mpishi na mwenye hoteli. Wapo waliolalamika kwamba neno hilo si la kitaalamu. Wengi wao sasa wanaandika hilohilo.

Tulipokuwa tunarudi, kidole changu kikiwa bado kinauma, Mzee aliniambia: "Mama Neema, mtu haingizwi chamani kama ng'ombe kwenye josho. Lala kwake kwanza. Ukishalala kwake utajua kama unamtaka, na yeye atajua kama anakutaka."

Hilo ndilo somo lenyewe, na mengine ni ya kawaida, lakini nitayataja kwa sababu nimeona mkiyasahau. Msiitishe mkutano siku ya mnada. Msiitishe wakati wa kuchuma pamba, hata kama mfadhili anasema ratiba yake imebana. Kule Bukombe na Ushirombo mwombeni katekista awasomee tangazo baada ya misa, na liwe fupi, watu wana njaa. Mkiwa na kikundi cha ngoma, waacheni wacheze kwanza ndipo mhutubie. Mkihutubia kwanza mtasikilizwa na watoto peke yao. Na projekta ni kitu kizuri pale penye umeme.

Kwa namna hiyo chama kilikua taratibu upande huu wa pamba. Upande wa dhahabu, kuanzia Masumbwe kwenda Geita, tulikuwa hatuna mtu. Wenzetu walituambia tusijisumbue. Kule, walisema, kuna wachimbaji na wanunuzi, kila mtu ana haraka, nani atakaa asikilize habari za katiba ya chama?

Kisha tukasikia habari za Shija.

Shija alikuwa kijana mchimbaji, mwenyeji wa vijiji vya nje ya Masumbwe, mrefu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi umsogelee. Alikuwa ameanza kuwazungusha wapita njia kwenye eneo la wachimbaji wadogo, kwa ruhusa ya mwenye leseni. Madereva wa safari ndefu waliosimama Masumbwe kula walikuwa wakimtafuta, na baadaye wageni wao pia. Tulikwenda, mimi na Mzee Luhende, tukalala kwake kama ada yetu.

Asubuhi alituonyesha. Alituonyesha duara, ndilo shimo wanaloshuka kufuata mawe ya dhahabu, na matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta zisianguke. Alituonyesha karasha linavyosaga mawe, vumbi lake likitufanya weupe kama wasaga unga. Alinipa karai na mchanga na maji, akanifundisha kuzungusha kifundo cha mkono mpaka mchanga uondoke ubaki weusi, na ndani ya weusi ule kibaki kitu kama unga wa bizari ya manjano. Nilipiga kelele. Zebaki ya kunasia dhahabu, ambayo ni sumu, hakuruhusu mgeni aiguse. Alizungumza kwa mpangilio, bila mbwembwe, na alijua pa kunyamaza.

Mzee Luhende alichungulia duara. "Wageni hawashuki?"

"Hawashuki, mzee."

"Hata wakiomba?"

Shija alinyoosha mkono kwenye tuta la udongo, hatua chache kutoka pale, majani yakiwa yameota juu yake. "Mdogo wangu Kashinje alifia kwenye shimo lile pale. Tulimtoa, tukamzika kwetu, shimo tukalifukia. Wageni huwa nawaambia kwamba hapa alifia mchimbaji mmoja. Siwaambii ni nani. Kushuka hawashuki."

Mzee Luhende alivua kofia. Jioni ya siku hiyo Shija akawa mwanachama wetu wa kwanza upande wa dhahabu.

Baada yake walikuja wengine kwa mpigo. Alikuja Bwana Mugeta, mwenye hoteli Geita mjini, mtu mchangamfu, mwenye kucheka mpaka anashika ukuta, akaleta na wenye hoteli wenzake. Nitasema kweli: yeye ndiye aliyetufanya tuonekane. Alijua kuzungumza na kampuni kubwa za watalii. Alizipa namba yangu, zikaanza kunipigia mimi, mpokezi wa zamani wa karibu na stesheni. Ndani ya misimu michache kampuni moja kubwa ilianza kupitisha misafara yake njia yetu. Walilala Geita kwa Mugeta na wenzake, wakashinda Masumbwe kwa Shija, wakala kwa kina Mama Kabula.

Halafu siku moja kampuni ile ikasema wageni wake wanataka kushuka kwenye duara. Walikuwa wameona picha za kushuka kwenye mashimo ya nchi nyingine. Wasiposhuka, msafara utabadilisha njia.

Tuliitana Masumbwe, ukumbi wa nyumba ya wageni ya pale barabarani, malori yakinguruma nje kiasi kwamba kila msemaji alilazimika kungoja lori lipite. Bwana Mugeta alisimama wa kwanza, na safari hii hakucheka.

"Mimi nampenda Shija kama mwanangu," alisema. "Lakini tuwe wakweli. Msafara huu ukiondoka, nitawaambia wahudumu wangu waende makwao. Wenzangu hapa hivyohivyo. Hawaombi kuchimba. Wanaomba kushuka kidogo, wapige picha, wapande. Wachimbaji wanashuka kila siku ya Mungu."

Watu walipiga makofi, na si wachache. Hata mimi moyoni nilimwona ana hoja, maana wahudumu wake niliwajua kwa majina.

Shija alisimama. Ilibidi watu wa nyuma wasogee mbele ili wamsikie.

"Mchimbaji anashuka kwa sababu ana watoto wa kulisha, na shimo analijua, na bado analiogopa," alisema. "Mgeni ataniuliza mimi: kuna usalama? Nikisema upo, nimemdanganya. Nikisema haupo, kwa nini namshusha? Mimi siwezi, Baba. Kama chama kinataka, kitafute mwingine, na mimi nitarudisha kitambulisho chenu kwa heshima."

Alikaa. Lori likapita. Watu wote waligeuka kumwangalia Mzee Luhende, ambaye wakati ule alikuwa ameshaanza kutembelea fimbo. Aliegemea fimbo, akasimama.

"Chama hiki ni cha nani?" aliuliza. "Ni cha watu wanaopokea wageni. Mpokea mgeni akisema nyumba yangu ina nyoka, usiingie, sisi wengine ni nani tumwambie mgeni aingie? Mama Neema, kawapigie simu. Waambie hatushuki."

Nilipiga simu ile nikiwa nimesimama nje, kando ya barabara. Meneja wa kampuni alikuwa dada mstaarabu, hakunifokea. Aliniambia tu kwamba anasikitika, na kwamba anajua watu wengine watakaokubali. Nilirudi ndani. Nilidhani nimekizika chama.

Nusura niwe sahihi. Bwana Mugeta alituaga bila matusi, akaondoka na wenye hoteli wote wa Geita. Na misafara ikaendelea kupita kwao. Alipatikana mwongoza wageni mwingine, wageni wakashushwa kwenye duara la upande wa pili, wakapiga picha, wakapanda. Nawaandikia hili vijana wangu msije mkadhani mambo huwa yanajithibitisha yenyewe. Shimo halikuporomoka. Msimu mzima watu walishuka na kupanda salama, wakicheka, na sisi tukaonekana wajinga. Shija alirudi kuchimba ili familia yake ile. Nilipompigia kumjulia hali, alikuwa akisema tu, "Wazima, Mama. Tuombeane." Hakuwahi kunilalamikia hata mara moja, na sijui ningekuwa mimi ningeweza.

Kiangazi kilichofuata Mzee Luhende alifariki. Alikuwa mtu mzima, aliugua kwa muda mfupi, alikwenda kwa amani. Lakini alikwenda akiwa ameacha chama kilichorudi kuwa kidogo, na hilo lilinichoma kuliko nilivyoonyesha.

Siku ya mazishi, tukiwa tumekaa msibani, lori liliingia kutoka barabara ya Kahama, limejaa watu wamesimama. Walikuwa wametoka Masumbwe na vijiji vyake. Shija alikuwamo, lakini wengine sikuwajua. Walikuwamo madereva wa bodaboda, mama lishe waliovaa kanga za kufanana, mwenye karasha mmoja, wapiga ngoma na ngoma zao. Walikuwa wamechangishana wenyewe kukodi lori.

Walifika, wakasalimia, wakachimba kaburi pamoja na wenyeji. Naambiwa kaburi lile lilichimbwa upesi kuliko kaburi lolote la mtaa ule, na kuta zake zilinyooka, maana waliochimba walikuwa wenye kazi yao. Baada ya maziko mama mmoja kati ya wale mama lishe alinifuata jikoni.

"Wewe ndiye Mama Neema wa chama?"

"Ndiye mimi."

"Tulisikia huyu mzee alikataa kumuuza Shija. Tunataka kuingia."

Nilimwambia leo si siku yake, mama yangu, tuna msiba.

"Tunajua," alisema, akikunja mikono ya gauni aoshe masufuria. "Ndiyo maana tumekuja na mikeka. Tutangoja."

Walilala matanga pamoja nasi. Walipika, walisomba maji, walicheza ngoma ya kumuaga mzee hadi wazee wa mtaa wakatoka kucheza nao. Matanga yalipoanuliwa nikatoa fomu, nazo hazikutosha. Vijana wangu, mkiulizwa chama chetu kilikua lini, msitaje semina. Tajeni msiba ule. Watu wale walirudi kwao wakawaambia wengine, madereva wakapeleka habari Ushirombo na mbele zaidi, na kila aliyekuja alikuwa anajua jambo moja tu kuhusu sisi: kwamba hatumuachi mwenzetu akisema hapana.

Wageni nao walianza kurudi, kwanza wachache, halafu shule, halafu Watanzania wenzetu, ambao hakuna kampuni iliyowahi kutuambia kwamba nao ni watalii.

Bwana Mugeta alikuja ofisini kwangu siku moja bila taarifa. Nilimkaribisha chai. Aliishika bila kuinywa.

"Mama Neema, nimeshuka," alisema.

"Umeshuka wapi?"

"Kwenye duara. Mwanangu wa kwanza alitaka kushuka na wageni, awe anawasindikiza. Nikamwambia ngoja nitangulie mimi." Aliweka kikombe mezani. "Nilipofika chini, udongo ukadondoka kwenye kofia yangu. Punje tu, kama mchele. Nikajikuta nataja majina ya wanangu, mmoja mmoja. Nilipopanda juu niliwaambia wageni safari ya leo basi."

"Na kampuni?"

"Kampuni itapata hoteli nyingine. Nimekuja kuuliza kama Shija atanipokea."

Nilimwambia nyumba ya Shija haina mlango wa kumfungia mtu. Basi alicheka, akashika ukuta, nami nikajua amerudi. Alikwenda Masumbwe akalala kwa Shija, kitanda cha kamba, mtu mwenye hoteli yake. Wenye hoteli wenzake walimfuata. Leo ndiye mweka hazina wetu, na akisimama kwenye mkutano kuwaeleza wanachama wapya habari za usalama wa wageni, husimulia ile punje ya udongo bila kujificha. Nimewaona watu wengi wakijirekebisha, lakini wachache wamenipa heshima kama yeye.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kuwasindikiza kina mama wa kigango kimoja cha upande wa Ushirombo kwenda kutembelea machimbo kwa Shija. Walikuja na rozari shingoni na nyimbo. Kati yao alikuwepo mama mmoja mzee, mwembamba, aliyekaa siti ya mbele bila kuimba. Niliambiwa ni Mama Kulwa. Kulwa ni mmoja wa mapacha aliowazaa mwanzo, na Shija kwa Wasukuma ni jina la mtoto anayewafuata mapacha. Alikuwa mama yake Shija, na tangu amzike Kashinje hakuwahi kukanyaga machimbo yale.

Shija alipomwona akishuka garini alisimama. Kisha alimpigia magoti, akamwamkia, na mama akamwekea mkono kichwani. Ziara ikaanza kama ziara nyingine yoyote. Alionyesha karasha. Alionyesha matimba. Kina mama walizungusha karai, wakapiga kelele kama mimi zamani. Tukafika kwenye lile tuta lenye majani.

"Na hapa," Shija alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilipanda, wote tukaisikia, "hapa alifia mdogo wangu. Anaitwa Kashinje. Mama yetu ni yule pale."

Kina mama waligeuka. Mmoja alianza kujifuta macho kwa kitenge. Mama Kulwa alisogea mpaka kwenye tuta, akainama, akang'oa jani moja, akalishika.

"Alikuwa mwimbaji," alituambia, kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili ili wote tuelewe. "Akiwa shimoni alikuwa anaimba, wenzake juu wakijua yupo. Shija, na hilo uwe unawaambia wageni."

"Nitawaambia, Mama."

Anawaambia. Juma lililopita, nikiwa sina kazi tena, nilipanda basi kwenda Masumbwe kama mgeni wa kawaida, nikasimama nyuma ya kundi la wanafunzi, na nikamsikia akiwaambia.